Hadina ya faiba haisubiri kiberiti

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa boti za faiba hapa Kigamboni. Nimepata mtu anauza hadina, ile dawa ya kugandishia rezini ya faiba, dumu la lita 20, kwa bei ya chini sana kuliko dukani. Nataka kuigawa kwenye chupa za maji za nusu lita niwauzie mafundi wenzangu, nyingine niiweke stoo ndani ya kontena. Jirani yangu wa gereji anasema hiyo kitu inaweza kuwaka yenyewe. Naona kama ananitisha, maana petroli naiweka humohumo kwenye kontena na haijawahi kuwaka. Ukweli ni upi?

Marahaba, mdogo wangu. Jirani yako amesema kweli, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kugawa. Hadina inaweza kuwaka bila kiberiti na bila cheche. Inachohitaji ni joto, au uchafu kidogo wa aina isiyopatana nayo, na vyote viwili vimejaa kwenye karakana zetu. Halafu hizo chupa za maji zinanitisha kuliko hata hilo kontena. Nitafika huko, lakini tuanze na kitu chenyewe.

Angalia lebo ya dumu halisi, utaona herufi MEKP. Ni peroksaidi ya methili ethili ketoni, mojawapo ya peroksaidi za kikaboni. Ndugu yake mmoja unamjua bila kujua: ile tyubu ndogo ya rangi inayouzwa pamoja na puti ya bodi za magari ina peroksaidi ya benzoili, na hiyohiyo, kwa kiasi kidogo, imo kwenye krimu za chunusi za duka la dawa. Wote wa ukoo huu wana alama moja: atomi mbili za oksijeni zilizoshikana mikono, na mshiko wenyewe ni legelege. Nguvu ya kuuachanisha haifiki hata nusu ya ile inayotakiwa kuachanisha kaboni mbili. Ulegevu huo ndio tunaoununua. Hadina ikikutana na kobalti, kichocheo kilichomo kwenye rezini (ile gundi ya majimaji tunayopaka kwenye faiba), mshiko unaachia, vipande vyake vinaanza kuunganisha molekuli za rezini na za stairini, kimiminika kinachoilainisha, mnyororo kwa mnyororo, na baada ya nusu saa ubavu wa boti umekuwa mgumu. Bila huo ulegevu usingekuwa na kazi.

Sasa petroli. Mvuke wa petroli ni hatari kubwa, na kwa kweli nayo usiiweke ndani ya kontena. Lakini petroli ili iwake inadai vitu viwili kutoka nje: hewa na cheche. Hadina imebeba oksijeni yake yenyewe ndani ya molekuli, bega kwa bega na kitu cha kuungua. Kuifunga kizibo hakuizuii chochote. Ikianza kuvunjika inatoa joto, joto linavunja nyingine, na gesi inajaa. Kizibo kikiwa kimekazwa, umeshatengeneza bomu.

Umewahi kuona lundo la samadi alfajiri likifuka mvuke? Hakuna aliyeliwasha. Katikati kunazaliwa joto, na kwa kuwa lundo ni nene, joto halipati njia ya kutoka. Hadina iko hivyohivyo. Kila siku, hata kivulini, inavunjika kidogo kidogo na kutoa joto kidogo. Dumu likiwa mahali pa baridi, joto hilo linapotea hewani. Mahali pakipanda joto, uvunjikaji unaongezeka kwa kasi kuliko dumu linavyoweza kupoa, mpaka inafika nyuzi ya joto ambayo dumu haliwezi tena kujipoza. Wataalamu wa usafirishaji huipima kwa kutazama chombo kizima kwa muda wa siku saba. Kwa MEKP nyingi zinazouzwa madukani, nyuzi hiyo huwa karibu na 60. Dumu kubwa hupoa polepole kuliko dogo, kwa hiyo kadiri chombo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo hatari inavyoanza mapema.

Sitakudanganya kwamba ukiiweka kontenani leo, kesho italipuka. Ila fanya hesabu na mimi. Watengenezaji wengi wanataka ihifadhiwe chini ya nyuzi 30, wengine 25. Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi, kivulini tu, mchana tunafika 32 au zaidi. Kontena la chuma lililofungwa, limesimama juani tangu asubuhi, ndani linaweza kupita 50. Nafasi kati ya 50 na 60 ni ndogo mno kukaa nayo mtu na familia yake, hasa kwa hadina ambayo hujui imepita wapi kabla ya kukufikia. Nyuzi 60 ni ya hadina safi. Iliyoingiwa na chembe za kutu, au tone la kobalti, au kipande cha shaba, inaanza vurugu chini ya hapo kwa mbali.

Mfano upo. Agosti 2017, mjini Crosby, Texas, Marekani, kiwanda cha Arkema kilikuwa na peroksaidi za aina inayotakiwa kukaa kwenye ubaridi mkali. Kimbunga Harvey kikaleta mafuriko, umeme ukakatika, majokofu yakazimika. Wafanyakazi wakazihamishia kwenye matrela ya baridi, maji yakayafikia nayo. Watu wote waliokuwa ndani ya kilomita 2.4 kuzunguka kiwanda wakaondolewa. Kisha matrela matatu yakawaka yenyewe, na hakukuwa na mtu karibu wa kuwasha chochote. Zilipata joto tu la siku ya kawaida. Ya kwetu ni tulivu kidogo kuliko zile, haihitaji jokofu, lakini ni ya ukoo huohuo na inafuata kanuni hiyohiyo.

Nirudi kwenye chupa za maji. Hadina nyingi haina rangi. Ukiitia kwenye chupa ya maji ya kunywa na kuiweka mezani, hakuna macho yanayoweza kuitofautisha na maji. Nawaza kibarua aliyetoka kusugua boti saa 7 mchana, koo limekauka kwa vumbi, anaona chupa imejaa. Funda moja linaunguza mdomo, koo na tumbo, damu inajaa asidi, ini linaweza kufa siku zinazofuata hata kama mtu alionekana kapata nafuu. Nawaza pia mtoto. Utawauzia mafundi kumi, nao watazibeba nyumbani Tandika, Mbagala, Gezaulole, na wewe hutakuwepo kumwambia kila mtoto kwamba hayo si maji. Kwa hilo pekee ningekuomba uache, hata kama hadina isingekuwa na moto ndani yake kabisa. Ikitokea mtu ameimeza, msimtapishe, maana itaunguza mara ya pili ikipanda. Asuuze mdomo, mkimbizeni hospitali, na mwende na dumu au picha ya lebo ili daktari ajue anapambana na nini.

Kizibo nacho. Dumu halisi la hadina lina kizibo chenye tundu dogo la kupumulia, kwa sababu ile oksijeni inayotoka kidogo kidogo lazima ipate njia. Kizibo cha chupa ya maji hakipumui. Chupa inavimba, na siku ya joto inapasuka. Mafundi wengine huona dumu linavuja likilala, wanakata kipande cha mfuko wa nailoni na kukikaza chini ya kizibo. Ukimwona mtu anafanya hivyo, mshike mkono. Dumu lisimamishwe wima, basi, wala halitavuja. Na kuna sheria pia: tangu mwaka 2003 tunayo Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani, na anayeuza kemikali anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kugawa kwenye chupa zisizo na lebo na kuuza kutakuingiza matatani hata kama hakuna aliyeumia.

Hapa pa macho nataka usome polepole. Mafundi wengi wanaogopa moto na kusahau macho, wakati tone moja la hadina jichoni linaweza kuchukua uwezo wa kuona kabisa. Inaunguza ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, na ubaya wake ni kwamba jicho linaweza kuonekana limetulia halafu likaendelea kuharibika baadaye. Kinachoamua ni sekunde za mwanzo. Dakika mbili za kutafuta maji, kumwita mwenzako, kugombana na bomba lisilotoa kitu, ni nyingi mno. Sasa Kigamboni unajua maji yanavyokatika. Kwa hiyo usitegemee bomba. Weka madumu mawili ya maji safi ya lita 20, yenye koki chini, juu ya benchi la urefu wa kiuno, hatua chache kutoka mahali unapopimia hadina. Kwa nini mawili? Jicho linataka maji yanayotiririka taratibu kwa dakika 15 bila kukatika, yaani lita moja na nusu hivi kila dakika. Hiyo inafika lita 22 na zaidi, dumu moja litaisha kabla. Badilisha maji hayo kila wiki, na yasiguswe kwa kunawa mikono wala kuchanganyia saruji. Mwenye jicho afumbuliwe kope kwa vidole, hata akipiga kelele, maji yapite ndani, kisha aende hospitali hata kama anasema sasa anaona vizuri.

Na miwani. Ile ya jua haifai, maji yanapita pembeni. Nunua ile inayobana uso pande zote, uivae kila unapofungua dumu, hata kama unachota kijiko kimoja. Mikononi vaa glavu za mpira wa nitraili. Ngozi nayo inaungua, ila ngozi hupona.

Kobalti ina kesi yake. Ndani ya rezini, imeshachanganywa na kusambaa, kobalti na hadina ni wafanyakazi wenza. Zikikutana zenyewe kwa zenyewe, bila rezini katikati, zinaweza kulipuka papo hapo. Kama rezini yako haikuja na kobalti tayari, tia kobalti kwanza kwenye rezini, koroga mpaka iishe kabisa, ndipo uje na hadina. Usipime vyote viwili kwa kikombe kimoja wala bomba moja la sindano, hata kama umekisuuza. Mimi huweka kobalti upande mmoja wa karakana na hadina upande mwingine, na kila kimoja kina kipimio chake kilichofungwa uzi wa rangi yake. Wala usiiongezee hadina asetoni au thina ili iwe nyingi au nyepesi. Asetoni inaweza kuzaa humo peroksaidi nyingine kali zaidi, ambayo hata kuitikisa ni hatari.

Nikupe kisa nilichokiona kwa macho yangu, katika karakana moja ya matangi nilikofanya kazi nikiwa bado kijana. Dumu lilidondoka asubuhi, hadina kama nusu lita ikamwagika sakafuni. Kijana mmoja mwenye bidii akafanya kile ambacho kila mtu angefanya: akachota maranda ya mbao, akayamwaga juu, yakanyonya vizuri, akayazoa kwa koleo na kuyatia kwenye pipa la taka la chuma. Sakafu ikakauka, tukampongeza. Tulipotoka kula mchana nikasikia harufu kali kama ya siki iliyoungua. Pipa lilikuwa linatoa moshi mweupe, na bati lake la juu lilikuwa la moto kiasi cha kutoshikika. Hakuna aliyevuta sigara karibu. Maranda yalikuwa kuni, hadina ilikuwa oksijeni, pipa likazuia joto lisitoke. Tuliponea kwa sababu mzee mmoja alikuwa na mpira wa maji karibu, akalimwagia kwa mbali mpaka lilipojaa na kufurika. Rezini ilikuwa mapipa manane, mita tano kutoka pale.

Tangu siku hiyo najua: hadina iliyomwagika hainyonywi kwa maranda, wala unga wa mbao, wala magunia, wala pamba, wala matambara. Tumia mchanga safi uliolowa maji, uzoe kwa kijiko cha plastiki au cha mbao, utie kwenye ndoo ya plastiki, uongeze maji, uiweke nje bila kuifunika kwa kukaza. Na yale matambara ya kufutia mikono na brashi yaliyojaa rezini na hadina, kila jioni yaingie kwenye ndoo ya maji, nje ya jengo. Karakana inaweza kuungua usiku, watu wameshalala, na asubuhi ukasingiziwa umeme.

Hii ya kopo kutoa moshi umeshaiona mwenyewe, naamini. Rezini iliyobaki ndani ya kopo, nene, inajipasha moto yenyewe na inaweza kupita nyuzi 150, ikapasuka na kutoa mvuke wa stairini ambao nao unawaka. Usiache kopo hilo juu ya meza. Lililobaki lote mwaga likiwa bado jembamba kwenye trei pana, nje. Kipimo cha hadina ni asilimia 1 mpaka 2 ya uzito wa rezini. Kwa kilo 1, asilimia 1 ni mililita 9 hivi. Mchana wa jua kali kaa karibu na 1, lakini usishuke chini ya hapo, la sivyo ubavu wa boti hautakomaa na bahari itaifichua kazi yako mbovu. Ukiona inashika haraka mno, changanya kidogo kidogo, au anza kazi saa 12 asubuhi.

Hesabu hiyohiyo inatupeleka kwenye lita 20 zako. Pipa moja la rezini la kilo 220 hula hadina lita 3 hivi kwa asilimia moja na nusu. Lita 20 zinatosha mapipa sita na zaidi. Unamaliza mapipa sita kwa muda gani? Kama ni mwaka, basi umenunua kitu kitakachozeekea mikononi mwako, maana hadina nyingi hudumu miezi 6 hadi 12, tena kwa kuwekwa baridi. Nunua lita 1 au 5, zenye lebo, tarehe na kizibo chake halisi. Lebo ya kweli ina pembetatu mbili zilizoungana kuwa almasi: juu nyekundu, chini njano, na mwali wa moto na namba 5.2. Ukikosa alama hiyo, usinunue, hata kwa bure.

Pa kuiweka, jenga kijumba kidogo cha tofali mbali na rezini, mbali na jiko la mama lishe, chini ya mwembe kama unao, chenye matundu ya hewa juu na chini, na bati lililopakwa chokaa nyeupe. Ndani dumu likae juu ya beseni la plastiki, si la bati. Tundika kipimajoto na ukisome saa 8 mchana, siku kadhaa za Januari. Kikipita 30, ongeza kivuli kabla ya kuongeza mali. Usiiweke kwenye friji ya nyumbani pembeni ya maziwa ya watoto, nimeshasikia watu wakishauriana hivyo. Hadina uliyochota na kubakiza isirudishwe kwenye dumu kamwe. Kama unavuka na pantoni kutoka Kivukoni, beba dumu dogo, wima, kwenye kikapu chenye kivuli, kobalti ibebwe safari nyingine. Usiifunge nyuma ya bodaboda juani.

Madumu matupu yana soko kubwa mjini, watu huyatilia maji na mafuta ya kula. La hadina suuza kwa maji mengi, kisha likate katikati kwa kisu kabla halijatoka getini.

Sasa lile dumu la mtu wako. Kama bado hujalilipia, liache. Kama limeshafika, litoe kontenani leo jioni jua likishazama, lakini kwanza lisimamie kwa mbali na ulitazame. Likiwa na umbo lake la kawaida na halina joto, lihamishie kivulini, wima, na uwasiliane na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali wakuelekeze pa kulipeleka. Usilimwage mtaroni. Likiwa limevimba, linatoa mvuke, au ubavu wake una joto kuliko hewa, usilisogeze na usifungue kizibo. Julai 1964, Shinagawa, Tokyo, wazima moto 19 walikufa walipokuwa wakipambana na moto wa ghala bila kujua kwamba pembeni kulikuwa na MEKP, ambayo ililipuka katikati ya kazi. Kwa hiyo ondoa watu wote, na wa nyumba za jirani pia, piga 114, namba ya zimamoto, na ukipokewa taja jina la kemikali kabla ya kutaja mtaa.